Maswali ya Wasomaji: Peasi la Mfalme, Miguu ya Rhodes na Panya wa Pembeni

Katika toleo lililopita tulichapisha, pamoja na maelezo mafupi, katuni ya Mwingereza James Gillray ya mwaka 1805, ambamo Waziri Mkuu William Pitt na Napoleon wa Ufaransa wameketi meza moja wakiikata dunia kama pudini: Pitt anajikatia bahari kwa utulivu wa mtu aliyezoea kushiba, na Napoleon ameinuka nusu kitini ili upanga wake uifikie Ulaya. Barua zilizofuata zimenishangaza kwa wingi wake, na zaidi kwa sababu karibu zote ziliuliza jambo moja kwa njia tofauti, yaani kama michoro ya watu waliokwisha kufa ina la kutuambia sisi tunaonunua gazeti leo hapa Dar es Salaam. Nimechagua sita na kuzifupisha. Majina ya wasomaji nimeyaacha, kama ilivyo desturi ya safu hii.

*Shikamoo Mhariri. Ninafundisha Historia kidato cha tatu huku Mbagala. Nikifika kwenye mada ya kugawanywa kwa Afrika huwaonyesha wanafunzi katuni ya Cecil Rhodes aliyetanua miguu juu ya bara zima. Wanacheka, kisha wanaandika daftarini kwamba "Rhodes alikuwa na nguvu", basi. Niwafundisheje kuisoma?*

Marahaba, Mwalimu. Wanafunzi wako hawajakosea. Wameandika kile kile ambacho mchoraji alitaka wasomaji wake wa London wakione, na hapo ndipo kazi yako inapoanzia.

Katuni hiyo ilichorwa na Edward Linley Sambourne na kuchapishwa katika jarida la Punch tarehe 10 Desemba 1892, wakati Rhodes alipokuwa Waziri Mkuu wa Koloni la Rasi, huko Afrika Kusini, na alipokuwa ametangaza mpango wa kuvuta waya wa simu ya maandishi kutoka Cape Town hadi Cairo. Mguu mmoja umekanyaga kusini, wa pili umekanyaga Misri, bunduki iko begani, na waya wenyewe ameushika kwa mikono miwili iliyonyooshwa. Ndani yake mna utani wa jina: katika kisiwa cha Wagiriki kiitwacho Rhodes palikuwa zamani na sanamu kubwa mno ya shaba iliyohesabiwa miongoni mwa maajabu ya dunia, na msomaji wa London aliyefundishwa habari hizo shuleni aliung'amua utani huo papo hapo. Mwanafunzi wako hana sababu ya kuujua, kwa hiyo mweleze kwa dakika mbili, kisha uende kwenye jambo lenye uzito zaidi.

Mwambie aweke kidole kwenye ramani, katikati ya miguu ya Rhodes. Hapo ndipo tulipo sisi. Nchi hii ilikuwa tayari mikononi mwa Mjerumani, na ni kwa sababu hiyo ndoto ya Rhodes ya kupita katika ardhi ya Mwingereza mwanzo hadi mwisho haikuweza kutimia katika uhai wake. Sasa muulize: watu wako wapi? Hakuna hata mmoja. Hakuna mji, hakuna shamba, hakuna mfalme wa mahali popote. Kuna ngozi ya ramani na jozi ya viatu juu yake. Punch halikuwa likimlaani Rhodes. Lilimtania kama mtu anavyomtania mjomba tajiri ambaye bado anatarajia kurithi mali yake, na ukitaka kujua wasomaji wa gazeti hilo waliifikiriaje Afrika, utupu ule wa chini ya miguu unakueleza zaidi kuliko mwili wa Rhodes wenyewe.

Ukipata nafasi, Mwalimu, iweke karibu yake katuni nyingine ambayo huku kwetu inajulikana kidogo kuliko inavyostahili. Mwaka 1904 Thomas Theodor Heine, mchoraji wa jarida la Simplicissimus la Munich, alichora picha nne zinazoonyesha namna mataifa ya Ulaya yanavyotawala makoloni. Katika picha ya Mjerumani, twiga wamepangwa mstari wakifundishwa kwata na askari, miguu juu kama gwaride la Berlin, mamba amefungwa mdomo, na kando yake kuna kibao kinachokataza watu kumwaga kifusi na theluji. Theluji, katika nchi ya mamba! Nilipoiona kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu mpaka watu wa meza ya jirani wakageuka. Katika picha ya Mwingereza, Mwafrika amebanwa kwenye shinikizo, mmoja akimnywesha pombe, mwingine akimkamua pesa, na mmisionari amesimama pembeni akisoma. Picha ya Mbelgiji sitaieleza kwa urefu. Inatosha kusema kwamba Mfalme Leopold anajipikia.

Heine aliwadhihaki watawala wa nchi yake kwa ujasiri, na mwaka uliofuata watu wa Kilwa na Matumbi walipoanza vita vya Majimaji, ule ukali wa kwata aliouchora kama kichekesho ulikuwa umekwisha kuwa ukali wa kulimishwa pamba kwa viboko. Hata hivyo watazame Waafrika wake. Midomo ni ile ile, uchi ni ule ule, macho ni yale yale ya kushangaa, kama walivyochorwa na wachoraji waliounga mkono ukoloni. Mtu anaweza kukutetea huku kalamu anayokuchorea ameiazima kwa anayekudharau. Mwanafunzi akishaliona hilo, mpe katuni yoyote ya wiki hii inayohusu bandari, madini au mikopo, na umuulize swali lile lile la kwanza: nani hayumo pichani?

*Ndugu Mhariri, hapa dukani kwetu Kariakoo tumebishana wiki nzima. Mwenzangu anasema katuni ni mchezo tu, haijawahi kumwondoa mkubwa yeyote madarakani. Mimi nasema imewahi. Tuamulie.*

Utashinda ubishi huu, ndugu yangu, lakini si kwa mabao mengi.

Mfano ambao kila mtu huutaja ni wa William Tweed, aliyekuwa kiongozi wa kundi la wanasiasa wa Tammany Hall lililoishika New York na kuchota fedha za umma hasa kwa njia ya zabuni na ankara zilizotiwa chumvi. Thomas Nast alimwandama katika jarida la Harper's Weekly mwaka 1871, akimchora na kitambi kama gunia na almasi kubwa kifuani. Iliyo bora kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile ya Agosti mwaka huo iliyouliza nani ameiba fedha za wananchi. Wanaume wamesimama katika duara, Tweed akiwa mbele, na kila mmoja ananyoosha kidole kwa jirani yake, huyu kwa yule, yule kwa mwingine, mpaka kidole cha mwisho kinarudi kwa wa kwanza. Sijui kama kuna mtu hapa mjini aliyewahi kufuatilia kikao cha kujadili hesabu za serikali za mitaa akashindwa kuitambua picha hiyo bila maelezo.

Inasemekana Tweed mwenyewe alilalamika kwamba makala hazimsumbui kwa kuwa wapiga kura wake hawajui kusoma, ila picha zile wanaziona. Alishtakiwa, akafungwa, akatoroka mwaka 1875 hadi Hispania, na simulizi iliyozoeleka ni kwamba maofisa wa huko walimtambua mwaka 1876 kwa msaada wa katuni ya Nast. Alirudishwa, na mwaka 1878 akafia jela.

Mwenzako naye ana hoja. Julai 1871, gazeti la New York Times lilikuwa limepata na kuchapisha hesabu zenyewe, tarakimu kwa tarakimu, na bila tarakimu hizo vidole vya Nast visingekuwa na wa kumnyooshea. Tena Nast huyo huyo aliwachora wahamiaji wa Kiairishi kama nyani na maaskofu wa Kikatoliki kama mamba wanaotambaa ufukweni kuwala watoto wa shule. Wasomaji walioshangilia katuni ya wezi ndio hao hao walioshangilia ya mamba, kwa sababu kote kuwili alikuwa akiwachorea kile walichokwisha kukiamini.

*Mhariri, neno sahihi ni lipi, katuni au kibonzo? — Msomaji, Temeke*

Yote mawili ni sahihi. Katuni limetokana na neno la Kiitaliano la karatasi nene ambayo mchoraji alifanyia jaribio kabla ya kuchora ukutani. Maana ya mchoro wa dhihaka ililikuta Julai 1843, Punch lilipochapisha mchoro wa John Leech unaoonyesha maskini wa London wamepelekwa kutazama maonyesho ya picha badala ya kupewa chakula, na kuuita katuni kwa kejeli, kwa kuwa Bunge wakati huo lilikuwa likishindanisha katuni halisi za kupamba kuta zake. Kibonzo mimi hulitumia kwa mchoro mdogo wa kuchekesha, lakini sitagombana na anayelitumia vingine. Wazee kadhaa wa mji huu nimewasikia wakiita katuni yoyote "chakubanga", kwa jina la mhusika aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na sijaona neno lenye heshima kubwa kuliko hilo kwa mchoraji.

*Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwandishi wa habari mstaafu, ninaishi Kinondoni. Katika kazi yangu niliona mara nyingi makala kali ikipita salama, lakini mchoro wenye wazo hilo hilo unaleta simu kabla ya saa nne asubuhi. Kwa nini mchoro unaogopwa zaidi?*

Mzee wangu, shikamoo. Jibu la swali lako lilikwisha kutolewa na serikali moja ya Ufaransa, na sijui nyingine iliyolitoa kwa uwazi namna hiyo.

Mfalme Louis-Philippe alikuwa na uso mpana chini na mwembamba juu. Mwaka 1831 Charles Philipon, mwenye jarida la La Caricature, aliposhtakiwa kwa kumdhihaki mfalme, alichora mbele ya mahakama picha nne: ya kwanza ilikuwa sura ya mfalme, ya pili imelegea kidogo, ya tatu zaidi, na ya nne ilikuwa tunda la peasi, kama mapeasi ya Lushoto tunayouziwa barabarani. Akauliza ni katika picha ya ngapi kosa linaanzia, na kama peasi limefanana na mfalme, je, mapeasi yote yashtakiwe? Alihukumiwa, lakini kuanzia hapo peasi likawa mfalme na mfalme akawa peasi. Vijana walilichora ukutani kwa mkaa, na mtu hakuhitaji kujua kusoma ili acheke. Mwenzake Honoré Daumier alimchora mfalme kama jitu linalomezeshwa kodi za maskini kwa ngazi ya ubao iliyoegemezwa mdomoni, akahukumiwa kifungo cha miezi sita.

Halafu Julai 1835 mfalme akanusurika kuuawa kwa mtambo wa bunduki nyingi zilizofungwa pamoja, na Septemba ikaletwa sheria iliyotaka kila mchoro upate kibali kabla ya kuchapishwa, ilhali maandishi hayakuwekewa sharti hilo. Watetezi wa sheria walisema kwamba maandishi huongea na akili, bali mchoro huongea na macho, kwa hiyo mchoro si tena maoni, ni tendo. Mimi huona kwamba hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote ambazo mchoraji amewahi kupewa, ingawa ilitolewa na watu waliotaka kumnyang'anya kalamu. Makala yako kali, Mzee, ilimtaka msomaji akae chini na miwani yake. Mchoro unamkuta mpita njia pale kwenye meza ya magazeti, mkono mfukoni, hana nia ya kununua, na unaingia kabla hajaamua kama anataka uingie.

Huku kwetu wachoraji walijifunza mapema kupita njia ya uani. Chakubanga alizunguka mitaani na vituko vya watu wa kawaida, katika gazeti la chama, na mwenye kujiona alijiona. Baada ya vyama vingi kuruhusiwa mwaka 1992 na magazeti binafsi kuongezeka, sura za wakubwa zilianza kuchorwa waziwazi, na hata hivyo mchoraji Masoud Kipanya alibaki na yule panya wake mdogo anayetupa neno pembeni, nje ya ugomvi wenyewe. Mimi humwona panya yule kama ndugu wa methali: fumbo mfumbe mjinga, mwerevu ataling'amua. Panya hatuhumiwi kwa urahisi, kwa kuwa ni panya.

Njia ya uani nayo haiko wazi siku zote. Tuna Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliyochukua nafasi ya Sheria ya Magazeti ya 1976, tuna kanuni za maudhui ya mtandaoni, na Oktoba 2024 Mamlaka ya Mawasiliano ilisimamisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za kampuni ya Mwananchi Communications kwa sababu ya katuni mjongeo iliyogusia watu waliopotea na waliouawa. Makala kuhusu watu hao zilikuwa zimekwisha kuandikwa na magazeti mbalimbali. Hoja ya macho na akili, iliyotolewa Paris mwaka 1835, haijazeeka hata kidogo.

*Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi hapa Mlimani. Sisi hatununui magazeti. Wanasiasa tunawacheka kwa stika za WhatsApp na picha za akili unde. Je, katuni za kale zina faida gani kwetu, au ni mambo ya makumbusho?*

Marahaba, mwanangu. Hebu nikuulize kwanza: Napoleon alikuwa mfupi?

Umesema ndiyo, kama nilivyosema mimi kwa miaka mingi. Kimo chake kilikuwa karibu sentimita 168, cha kawaida kabisa kwa Mfaransa wa wakati wake. Kosa moja lilitokana na vipimo, kwa sababu inchi ya Kifaransa ilikuwa ndefu kuliko ya Kiingereza na tarakimu zikahamishwa bila kubadilishwa. Kosa la pili lilikuwa la makusudi, nalo lilitoka mkononi mwa Gillray, aliyemchora kama kijitu chenye hasira na kofia kubwa kuliko kichwa. Mchoraji amekwisha kufa, vita vimekwisha, himaya zote mbili zimekwisha, na wewe uliyezaliwa Tanzania bado unaamini stika yake. Basi jiulize stika unayoituma usiku huu itakuwa imemfanya nani kuwa mfupi.

Kuna katuni moja ningependa uihifadhi kwenye simu yako. Ni ya David Low, aliyezaliwa New Zealand na kufanya kazi London, iliyotoka Septemba 1939, wiki chache baada ya Hitler na Stalin kutiliana saini mkataba wa kutoshambuliana. Wameonana juu ya maiti iliyolala chini, ambayo ni Poland. Kila mmoja ameinama kwa adabu na kuinua kofia, na wanasalimiana kwa yale matusi waliyokuwa wakitupiana kwa miaka: takataka ya dunia, kama sikosei? Muuaji wa wafanyakazi, nadhani? Tabasamu ni za kweli. Itoe wakati wowote ambapo watu wawili waliorushiana maneno majukwaani wanapigwa picha wakishikana mikono, halafu utazame chini, katikati yao, uone ni nani aliyelala hapo.

Kuhusu picha za akili unde nina neno moja. Katuni hujitangaza kuwa imetiwa chumvi. Hakuna aliyewahi kudhani Louis-Philippe ni tunda kweli. Aidha chini yake kuna saini, na mwenye saini anaweza kuulizwa, kushtakiwa, kusifiwa. Jonathan Shapiro wa Afrika Kusini alimchora Jacob Zuma kwa miaka akiwa na bomba la kuogea kichwani, kutokana na ushahidi kwamba alioga, ambao Zuma mwenyewe aliutoa katika kesi ya mwaka 2006 iliyomalizika kwa kuachiwa huru; alishtakiwa kwa katuni nyingine ya mwaka 2008, akasimama nayo kwa jina lake hadi mlalamikaji alipoiondoa kesi mwaka 2012. Picha yako haina saini na haikiri chumvi yake. Ikimfikia bibi yako kule kijijini ataiona kama picha ya kamera, na hapo umekwisha kutoka kwenye dhihaka na kuingia kwenye uongo, hata kama nia yako ilikuwa kucheka tu.

*Mhariri, mimi ni mstaafu wa Ilala na nina muda. Katuni za zamani za hapa kwetu nitazionea wapi?*

Anzia Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, kisha siku nyingine uende Mlimani kwenye maktaba ya Chuo Kikuu, sehemu ya vitabu na magazeti ya Afrika Mashariki. Omba Uhuru la mwisho wa miaka ya sitini na ya miaka ya sabini, ufungue polepole kwa sababu karatasi ni kavu na hukatika kwenye mikunjo. Funika maneno ya chini kwa kiganja kabla hujayasoma, useme moyoni unachokiona, halafu ndipo uondoe mkono. Beba daftari na penseli, na utakapokutana na sura usiyoitambua hata kidogo, andika tarehe ya gazeti na utuletee; tutaichapisha hapa, maana nina hakika kuna msomaji wetu wa Magomeni au Keko anayeikumbuka.